Dar hadi Kitulo kwa pikipiki mvua za Machi: watu wanne, siku nane, gambuti pea moja

Nguo zimekauka, ila daftari langu limegandana, kurasa mbili za Mafinga zimekuwa kitu kimoja kama chapati. Kwa hiyo haya nayaandika kwa msaada wa picha za simu, meseji tulizokuwa tunatumiana, na kumbukumbu ya Mwalimu ambaye anakumbuka kila kitu mpaka bei ya mkaa wa sehemu tuliyosimama dakika tano.

Tulikuwa wanne. Fundi, ana gereji yake ndogo na Honda 250 ya zamani aliyoifufua mwenyewe. Dogo, mdogo wetu kuliko wote, TVS 150 na haraka nyingi. Mimi na Boxer 150. Na Mwalimu, na Boxer 100 yake ya kuendea shuleni, ile ukiikazia sana inakupa sabini kwa shida. Tulibishana wiki nzima kama tumchukue au la, maana tulijua atatuchelewesha.

Na kweli kuna watu walituambia msiende Machi, mvua. Tukasema maua ya Kitulo, ule uwanda wa juu kule Makete, yanataka mvua, ukisubiri kiangazi utakuta nyasi. Hilo ni kweli. Ila na wao walikuwa wakweli.

Siku ya 1, Alhamisi. Dar hadi Mikumi, kama km 300

Makubaliano yalikuwa Kimara saa kumi na moja alfajiri. Tukaondoka saa moja na nusu, Dogo alikuwa anatafuta funguo ya pikipiki ambayo ilikuwa kwenye pikipiki.

Mwalimu alitokea na gambuti za njano, zile za shambani kabisa, na mzigo wake kaupakia kwenye kiroba, ndani ya kiroba kuna nailoni ya mfuko wa mbolea, juu kafunga na mipira ya tyubu iliyochanwa. Tulicheka mpaka muuza kahawa akaja kuangalia kuna nini. Tukampa jina la Bwana Shamba hapo hapo. Mimi nilikuwa na begi jipya la kisasa, nimelinunua Kariakoo elfu arobaini na tano na muuzaji alilimwagia chupa nzima ya maji mbele yangu nione halipitishi.

Mvua ilitukuta kabla ya Mlandizi. Siyo ya kunyunyiza, ile ya Dar inayoshuka kama mtu kamwaga ndoo, malori yanakupita yanakupiga maji ya barabarani usoni, vioo vya kofia vinapata ukungu kwa ndani, ukifungua unalowa macho ukifunga huoni, basi unaenda hivyo hivyo unafungua unafunga. Ruvu tulipita mto umejaa rangi ya chai ya maziwa. Chalinze tukasimama kunywa supu, elfu tatu na chapati mbili za jero jero, nikafungua begi langu la kisasa kutafuta soksi kavu. Nikakamua soksi. Nikakamua na shati. Mwalimu akafungua kiroba, akatoa taulo kavu kabisa, akanipa bila kusema neno. Angesema kitu ingekuwa afadhali.

Zamani ulikuwa unavaa rambo juu ya soksi ndani ya kiatu mambo yanaisha, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na siku hizi huipati hata ukiitafuta. Mbadala ni hiyo nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea. Maduka ya pembejeo wanakuuzia mfuko mtupu kwa bei ya kawaida tu, ioshe vizuri, ianike, hiyo haina mfano.

Moro tulipita mji umefunikwa, Uluguru haionekani hata mguu. Mikumi hifadhini tuliingia saa tisa mchana. Kwa ambaye hajapita: barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, kama kilometa hamsini, hulipi kitu ukiwa unapita tu, lakini kuna vibao vya mwendo na vibao vingine vimeorodhesha faini za kugonga wanyama, mmoja mmoja na bei yake kwa dola. Kwenye pikipiki faini siyo tatizo lako la kwanza, ukigonga nyati hutakuwepo wa kulipa. Piteni mchana, msiachane, msisimame kupiga picha. Tuliona tembo watatu karibu kabisa na lami, wamesimama tu kwenye mvua, masikio yamelala. Nyani ndo walinichekesha, wamejikunyata pembeni ya barabara wamelowa wanatuangalia kama abiria waliokosa basi.

Tulilala Mikumi mjini, gesti elfu ishirini chumba, tukalala wawili wawili. Nguo zangu nilizitandaza juu ya feni. Asubuhi zilikuwa na unyevu uleule ila zimepata baridi.

Siku ya 2, Ijumaa. Mikumi hadi Iringa, Kitonga hiyo

Asubuhi kukavu mpaka Ruaha Mbuyuni. Hapa pana raha yake, mibuyu mikubwa kulia na kushoto, mto, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye neti nyekundu. Dogo akatuacha. Dakika kumi baadaye tukamkuta kasimama na traffic, tochi ya kupima mwendo imemnasa kwenye kibao cha hamsini, kaandikiwa elfu kumi na uso kaununa. Vibao vya hamsini kwenye vijiji viko vingi sana njia hii, ukiona nyumba tatu zimefuatana punguza, usisubiri kuona kibao. Tulisimamishwa mara tano safari nzima na zaidi ya hiyo ya Dogo hatukulipa hata shilingi, leseni ipo, bima ipo, kofia, taa zinawaka, wanakuambia safari njema.

Halafu Kitonga. Mvua ilianza tukiwa chini ya mlima, na foleni ilianza hapo hapo. Lori lilikuwa limekwama kwenye kona huko juu, limelala nusu barabara, na wale waliojaribu kulipita wakafunga nusu iliyobaki. Pikipiki unaweza kupenya, na Dogo alishaanza kupenya, Fundi akamwita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kwenye mteremko wenye maji na oili, malori yamesimama kwa breki za upepo, ukipita katikati ya mawili na moja likarudi nyuma nusu mita basi. Tukazima, tukakaa.

Tulikaa saa tatu na robo. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya trela kukwepa mvua, dereva mmoja, mtu mzima, lori la kwenda Tunduma, akashusha kioo akanifokea: "Wewe kijana, toka huko nyuma! Gari siyo paa la nyumba." Halafu akafungua mlango. Tukawa tunaingia kwa zamu wawili wawili kwenye kebini yake, anatumiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, kikombe kimoja kinazunguka. Tukamwambia tunakoenda. Akauliza, mtashukia wapi? Mwalimu akasema tutashuka kwa njia ya Matamba kwenda Chimala. Mzee akatikisa kichwa, akasema mimi sijui pikipiki, ila mlima wowote teremka na gia ambayo ungepandia. Mkono wa breki usiuzoeshe kazi.

Hela ya chai alikataa. Namba ya gari nimeiandika kwenye daftari, ila ni kwenye zile kurasa zilizogandana.

Kupanda kwenyewe, foleni ilipofunguka, kulikuwa dakika chache tu. Juu kule hewa inabadilika mara moja, unatoka kwenye joto unaingia kwenye friji. Ilula nyanya za kila aina kwenye ndoo, hatukununua, tungezipeleka wapi. Iringa tulifika usiku, saa mbili kasoro, tukapandisha kutoka Ipogolo kwenda mjini miguu imekufa ganzi. Gesti elfu ishirini na tano, maji ya moto yapo, wali nyama elfu tatu na nusu. Fundi alitoka na tochi ya simu kwenda kupaka cheni zote nne oili kabla hajala. Mvua inaosha oili ya cheni kila siku, kwa hiyo kila jioni paka, wala usisubiri ianze kulia.

Siku ya 3, Jumamosi. Iringa hadi Njombe

Siku ya kuendesha tu. Iringa hadi Mafinga mvua ya manyunyu, mbao, mipaini ya Sao Hill, mbao tena, hamna la kusimulia. Makambako kuna upepo, na nasema upepo, unakuja kutoka ubavuni unaisukuma pikipiki mpaka unaendesha umeinama kama uko kwenye kona na barabara imenyooka. Boxer 100 ya Mwalimu ndo nyepesi kuliko zote na yeye ndo hakuyumba, kwa sababu anaenda hamsini na kiroba chake kiko chini chini. Begi langu mimi liko juu limesimama kama tanga la jahazi.

Pale Makambako unaiacha njia ya Mbeya unashika ya Njombe na Songea. Jaza mafuta. Bei ilikuwa elfu tatu na kitu kwa lita, mikoani inazidi Dar kidogo kwa sababu ya usafiri. EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo angalia kabla hujapanga bajeti. Kwa mwendo wetu Boxer yangu ilikunywa safari nzima kama laki na thelathini, na ni kama kilometa 1,700 jumla.

Njombe baridi. Watu wa Dar tunadhani tunajua baridi. Usiku mhudumu wa gesti alituuliza blanketi ngapi, Dogo akasema moja inatosha, mhudumu akamwangalia, akaleta tatu, asubuhi zote zilikuwa juu yake. Chakula chips na kuku, na viazi vya huku ni habari nyingine, kiazi kina ladha. Fundi alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, mvua ndo msimu wake, sisi wengine tukasema tutakunywa tukishapaki siku ya mwisho na mpaka leo hatujanywa.

Siku ya 4, Jumapili. Njombe hadi Makete, km 107 za ukungu

Lami nzuri, kona nyingi, na nadhani mandhari ni mazuri sana ila sikuyaona. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kabisa. Unaona taa ya mwenzio wa mbele, halafu huioni, halafu unaiona iko karibu mno. Tulikuwa tumezoea Dogo atangulie, Fundi, mimi, Mwalimu nyuma. Baada ya Dogo kukosa kona moja na kuishia kwenye majani, hajaumia, Fundi akabadilisha mpango: Mwalimu mbele. Wote tunafuata taa ya Boxer 100 kwa arobaini. Nilinung'unika ndani ya kofia kama kilometa tatu hivi. Baadaye nikagundua nimeacha kukaza mabega.

Tatizo likawa Dogo. Glavu zake za kitambaa zimelowa tangu Njombe, na kwenye kona moja hakubadilisha gia, pikipiki ikagongagonga ikazima. Tukamfuata, anatuambia vidole haviminyi klachi. Anaongea kama mlevi, meno yanagongana. Hiyo siyo ya mchezo jamani, mtu akianza kuongea hivyo usimwambie jikaze, mtoe kwenye upepo.

Mbele kidogo kulikuwa na banda la mama ntilie, moshi unatoka kwenye paa. Tukamwingiza Dogo. Mama mwenye banda, mtu mzima, kavaa sweta mbili na kitenge, tukamsalimia shikamoo, akaitika marahaba wanangu, kamwene, karibuni moto, na hapo hapo akawa ameshamvua Dogo koti. Hakuuliza tunatoka wapi. Alimkalisha kwenye kigoda karibu na mafiga, akampa kikombe cha uji ashike kwanza, "usinywe, shika", mpaka vidole vilipoanza kurudi, na Dogo alilia kidogo maana vidole vikirudi vinauma.

Halafu akaleta magazeti ya zamani na nailoni ya mbolea. Akampanga: fulana kavu ya Mwalimu, gazeti kifuani na tumboni, nailoni juu yake imetobolewa shingo na mikono, sweta, koti juu. Akatugeukia sisi wengine akatufanyia hivyo hivyo. Alipofika kwa Mwalimu akakuta nailoni tayari ipo, na gambuti, akacheka, akasema "huyu ana mama". Mikononi tulivaa soksi juu ya glavu, na juu ya soksi vipande vya nailoni. Tulionekana kama mizigo iliyofungwa kwenda mnadani, lakini kuanzia hapo hakuna aliyetetemeka.

Tulikula ugali, maharage na njegere mbichi zilizopikwa na viazi, watu wanne elfu nane. Tukamwongezea, akarudisha. Akasema kama mnataka kunilipa, nina mtoto Kariakoo, nina mzigo wake hapa una wiki mbili, wenye mabasi wananizungusha. Wakinga wa Kariakoo mnawajua, kila mtaa yupo, kwa hiyo hatukushangaa. Mzigo wenyewe ni kifurushi cha kama kilo nne, kimeshonwa kwa sindano kwenye kipande cha kiroba, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akauliza tunarudi njia gani, tukasema Kitulo, Matamba. Akanyamaza. Akasema, "Na mvua hii? Basi mzigo abebe huyu," akampa Mwalimu.

Tukalala Makete mjini, Iwawa. Elfu ishirini chumba, maji ya moto ya ndoo unaongeza buku.

Siku ya 5, Jumatatu. Makete hadi Matamba, tope

Vijana wa bodaboda pale stendi walituangalia matairi wakaguna. Wao tairi la nyuma wamezungushia vipande vya mnyororo, wamefunga na waya, kila baada ya kiganja kimoja. Wakatufungia, elfu tano pikipiki moja, wakamshauri na Fundi kitu ambacho hakukisikia vizuri kwa sababu fundi hashauriwi.

Saa mbili baadaye tulikielewa. Udongo wa huku ukilowa unanata kama ugali wa moto, unajaa kati ya tairi la mbele na madigadi, unashindiliwa mpaka tairi linagoma kuzunguka. Dogo ndo wa kwanza, tairi la mbele likajifunga akiwa kwenye mwendo mdogo kwa bahati nzuri, akapita juu ya usukani akalala kifudifudi topeni, kimya, sote tukasimama mapigo ya moyo yamesimama, halafu akainua kichwa akasema "madigadi". Ndicho walichosema wale vijana: ng'oeni madigadi za mbele. Tukang'oa nne zote pale pale, tukazifunga nyuma kwenye mizigo. Unakula tope usoni lakini unaenda.

Siku nzima ilikuwa hivyo, na sitaieleza yote. Unaweka gia ya kwanza, miguu yote chini, unapiga kasia kama uko kwenye mtumbwi. Kwenye mteremko usiguse breki ya mbele kabisa. Kwenye kilima mmoja anaendesha wawili wanasukuma, halafu mnarudi kuchukua nyingine. Tulianguka, kwa hesabu ya Mwalimu, mara kumi na tisa, mimi saba. Yeye hakuanguka, anashuka kabla haijaanguka, anaisindikiza chini taratibu kama mgonjwa, anaiinua.

Halafu tukatokea juu, kwenye uwanda wa Kitulo.

Ukungu ulifunguka kama nusu saa. Majani mafupi mpaka macho yanapoishia, hamna mti, na ndani ya majani maua, ya njano, ya zambarau, meupe, mekundu yaliyosimama kama mienge. Watu wa huku wanapaita Bustani ya Mungu. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, karibu kilometa za mraba 413, na watu wa mimea wanasema ni hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea na siyo wanyama. Moja ya sababu ni okidi: zilikuwa zinachimbwa viazi vyake na kuvushwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula kinachopendwa sana kule, mpaka zikaanza kwisha. Hayo nilikuwa nayajua kabla sijaenda. Nisichokijua ni kwamba ua lenyewe ni dogo. Nilikuwa natafuta kitu kikubwa cha kwenye kalenda, Mwalimu akaniita nichuchumae, lipo kwenye nyasi, urefu wa kidole, limelowa. Tulikaa hapo bila kuongea, tope mpaka kwenye nyusi. Simu yangu ilikuwa imejaa maji, picha ya okidi niliyonayo ni ya Fundi, ina kidole chake pembeni.

Sisi tulipita tu barabarani. Ukitaka kutembea ndani ya hifadhi kuna kiingilio na mtu wa kukuongoza, ofisi yao iko Matamba, ulizia hapo na beba viatu vya pili.

Matamba tulifika giza limeingia. Mwenye gesti alituangalia, akatuelekeza bombani nje kabla hata ya salamu. Nilivua viatu, nikamwaga maji. Mwalimu alivua gambuti, soksi zake kavu. Nakiri nilimchukia kwa dakika mbili tatu.

Siku ya 6, Jumanne. Hamsini na Saba

Barabara ya kutoka Matamba kushuka Chimala inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Unatoka kwenye baridi ya juu unashuka ukuta wa mlima mpaka bonde la Usangu, na ukisimama pembeni unaiona barabara yako mwenyewe chini ya miguu imejikunja mara nne tano. Usiku mvua ilikuwa imepungua, juu ni kokoto na mifereji iliyochimbwa na maji.

Pedi zangu za mbele zilikuwa zimekwisha, tope limezila kama msasa. Fundi akakagua akasema una breki ya nyuma na una akili, tumia zote mbili. Hapo nikamkumbuka yule mzee wa Tunduma. Gia ya kwanza, mpaka chini, injini inalia lakini inashika. Nilianza kuhesabu kona, nikapotea kwenye thelathini na kitu kwa sababu ya Fuso iliyokuwa inapanda na viazi, ilibidi nijibane ukutani. Dogo aliyekuwa anatuacha kila siku alishuka nyuma ya Mwalimu kona zote, nafasi ileile, hakujaribu kumpita hata mara moja.

Kila kona joto linaongezeka. Kwenye kona za mwisho tulikuwa tunavua: soksi za mikononi, sweta, nailoni, gazeti la kifuani limegeuka uji. Chimala jua kali, watu wanatuangalia. Tukala wali wa Mbarali na samaki, elfu nne, nikalala kwenye benchi nusu saa. Pedi za breki nilipata hapo hapo elfu nane na kufungiwa elfu mbili. Minyororo ya matairi ifungue kabla hujashika lami, mimi nilisahau nikaendesha mita mia mbili nikidhani injini imekufa.

Jioni Makambako. Upepo ulikuwa unatusubiri.

Siku ya 7 na 8, Jumatano na Alhamisi. Kurudi

Mvua, lami, mvua. Kitonga tuliteremka bila foleni. Sproketi ya Fundi ilikwisha meno kabla ya Mikumi, na kila mtu alifurahi kwa sababu ni pikipiki ya fundi, akaitengeneza mwenyewe chini ya mwembe huku tunamshauri. Mwalimu aliongoza njia nzima. Hakuna aliyepanga, tulikuwa tunasimama tu asubuhi tunamsubiri atangulie. Tulifika Kimara Alhamisi saa tatu usiku.

Gharama yangu jumla, mafuta, kulala, kula, pedi, mnyororo na vitu vidogo vidogo, ilikuwa laki tatu na themanini. Simu haimo, nayo bado haiwaki.

Ijumaa tukaenda Kariakoo wanne wote, ingawa mzigo angeweza kupeleka mmoja. Mtoto wa mama ni mtu wa makamo, ana duka la mabegi, siyo lile nililonunua mimi, nimeangalia vizuri. Alichana mshono kwa wembe: njegere kavu, maharage ya mbegu, na sweta. Hakuna hata punje iliyolowa. Akanusa njegere, akacheka, "mama anadhani Dar hatuli". Nikamwonyesha begi langu nikamsimulia habari ya chupa ya maji. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kucha kwenye mshono, akasema kaka, walikumwagia kwenye kitambaa, kitambaa hakina shida, maji yanaingilia huku kwenye matundu ya sindano. Paka nta ya mshumaa mishono yote, pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya gazeti. Bure hiyo.

Akampigia mama, akaweka sauti kubwa. Wakaongea Kikinga, sisi tunasikia "Chimala" na "mvua" tu. Halafu mama akahamia Kiswahili, akauliza, yule mwenye gambuti naye amefika?

Mwalimu akasogea kwenye simu. "Shikamoo mama. Nimefika, tumefika wote."

"Marahaba. Na yule wa vidole?"

Dogo akainua mkono, kama mama anamwona.